Vipimo vya thairoidi havilingani? Anzia hapa kabla hujalipia kingine

Nafanya kazi maabara, upande wa dirisha la kupokea sampuli, na wiki haipiti bila mtu kutoa bahasha mbili mkobani, kuzilaza kaunta na kuniuliza, "Sasa hapa mwongo nani?" Bahasha moja inasema tezi ina shida, ya pili inasema mzima kabisa. Wengine wanakuja nazo tatu. Nimekuwa nikijibu nusunusu huku foleni ikinung'unika, kwa hiyo leo nimeandika lote.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Damu ilitolewa saa tofauti, kwa mashine tofauti, namba zikaandikwa kwa kizio tofauti, au siku ile ulikuwa umemeza kitu ambacho safari ya pili hukumeza. Kazi yako ya kwanza ni kujua kama majibu hayo mawili yanalinganishika. Ukimaliza hatua hizi utaingia kwa daktari na karatasi moja iliyonyooka. Dozi hubadilishwa na daktari tu, usijipunguzie wala kujiongezea kwa sababu ya nilichoandika hapa.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi zote za majibu, nzima. Picha ya WhatsApp iliyokatwa ikabaki namba tupu haitoshi. Tunataka tarehe, saa ya kutoa damu, kizio na safu ya kiwango cha kawaida. Kama huna, rudi maabara uombe nakala.
- Dawa zako zote kwenye mfuko mmoja. Nikisema zote namaanisha pamoja na vitamini, vidonge vya nywele na kucha, vya uzazi wa mpango, vya kuongeza damu, na mitishamba uliyopewa na shangazi.
- Daftari, kalamu na kikokotoo cha simu.
- Kumbukumbu ya miezi mitatu iliyopita: uliumwa? Ulilazwa? Una mimba, au umejifungua ndani ya mwaka? Umepigwa CT scan ile ya kuchomwa dawa kwenye mshipa?

Nadharia, dakika moja tu

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, ndiyo hiyo ikivimba watu huita goita au rovu. Inatoa homoni kuu mbili, T4 kwa wingi na T3 kidogo. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, inayoisimamia kwa homoni iitwayo TSH. Tezi ikizembea, pituitari inapaza sauti na TSH inapanda. Tezi ikizidisha kazi, pituitari inanyamaza na TSH inashuka. Ndiyo maana TSH na T4 kwa kawaida huenda kinyume. FT4 ni ile sehemu ya T4 iliyo huru kwenye damu, haijashikwa na protini; FT3 ni hivyohivyo kwa T3.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha karatasi zote ni zako. Usicheke. Soma jina lote, umri, jinsia na namba ya mgonjwa. Miaka yangu ya mwanzo kazini niliwahi kubandika lebo za kina mama wawili wenye majina yanayofanana, na kilichoniokoa ni umri tu: mmoja miaka 24, mwingine 61. Tangu hapo namwomba kila mtu asome jina lake kwenye kichupa kabla hajainuka kitini. Fanya hivyo hata usipoombwa.

2. Panga majibu kwenye mstari mmoja. Chora safu daftarini: tarehe, saa, maabara, kipimo, namba, kizio, kiwango cha kawaida, na ulichomeza asubuhi ile. Anza na ya zamani. Watu wengi huona jibu la swali lao wakiwa bado wanachora.

3. Linganisha vizio. Hapa ndipo watu wanalia bure. Kizio ni yale maandishi madogo yanayofuata namba. Mama mmoja alinijia akiwa amekonda kwa hofu: FT4 yake Januari ilikuwa 14.1, Machi ikawa 1.1. "Imeporomoka yote," akasema. Nikamwonyesha maandishi madogo. Ya Januari ilikuwa pmol/L, ya Machi ng/dL. Tukachukua kikokotoo cha simu yake: 1.1 mara 12.87 ni 14.16. Tezi haikusogea hata hatua moja.

Andika hesabu hizi nyuma ya daftari:

- FT4: ng/dL × 12.87 = pmol/L
- FT3: pg/mL × 1.536 = pmol/L
- TSH: mIU/L na µIU/mL ni kitu kilekile, usizidishe chochote

Hata vizio vikifanana, usichukue namba ya maabara moja ukaipima kwa kiwango cha maabara nyingine. Kila kampuni ya mashine ina kemikali zake na viwango vyake, hasa kwa FT4 na FT3. Maabara moja huandika TSH ya kawaida 0.27 hadi 4.2, nyingine 0.4 hadi 4.0. Kwa hiyo 4.1 itapita bila alama kwa ya kwanza, na kwa ya pili itawekewa herufi H, yaani iko juu. Ni tezi ileile.

4. Angalia kama ni kipimo kilekile. T4 ya jumla na FT4 ni vitu viwili. Mimba na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza protini inayobeba homoni, na T4 ya jumla inapanda wakati FT4 imetulia. Dada anayemeza vidonge hivyo akipimwa T4 ya jumla anaweza kuambiwa tezi imezidi, na hana ugonjwa wowote. Kama karatasi moja ina T4 na nyingine FT4, usizilinganishe. Linganisha TSH peke yake.

5. Angalia saa, kisha pima ukubwa wa tofauti. TSH hupanda usiku wa manane na kushuka mchana hadi alasiri. Kula nako huishusha kidogo. Yule mama wa Januari na Machi alikuwa pia na TSH 6.2, kisha 3.9. Sampuli ya kwanza ilichukuliwa saa moja na nusu asubuhi kabla hajanywa chai, ya pili saa tisa alasiri baada ya wali. Ametoka "mgonjwa" akawa "mzima" kwa saa ya ukutani.

TSH ya mtu mmoja, tezi ikiwa haijabadilika, inaweza kutofautiana kwa asilimia 40 hivi kati ya kipimo na kipimo. Kutoka 6.2 hadi 3.9 ni asilimia 37. Kutoka 2.1 hadi 2.9 usipoteze usingizi. Kutoka 3 hadi 15, hapo kuna jambo.

6. Kagua ulichomeza. Mwaga ule mfuko wa dawa mezani.

*Bayotini kwanza.* Ni vitamini B7, ile ya nywele na kucha. Mwili wa mtu mzima unahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku, lakini vidonge vya madukani vina 5,000 hadi 10,000. Mashine nyingi za homoni hutumia bayotini ndani ya kipimo chenyewe kama gundi. Damu ikija imejaa bayotini, gundi inavurugika: TSH inasomeka chini kuliko ilivyo, FT4 na FT3 zinasomeka juu. Karatasi inatoka ikifanana kabisa na ya mtu ambaye tezi yake imezidisha kazi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2017, na bado kila mwezi nakutana na mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Kwa dozi za kawaida za urembo, acha angalau siku 2 kabla ya kupima. Anayetumia dozi kubwa kwa maelekezo ya daktari aulize kwanza, maana atahitaji siku zaidi.

*Kidonge cha levothairoksini*, yaani T4 ya kutengenezwa wanayopewa wenye tezi iliyozembea. Ukikimeza asubuhi kisha ukaja kutoa damu saa mbili baadaye, FT4 itakuwa kileleni. Safari nyingine ukija bila kumeza itakuwa chini zaidi. Njoo na kidonge chako mfukoni, toa damu, kisha umeze.

Sasa yale ya nyumbani, ambayo kwa maoni yangu yanavuruga majibu kuliko maabara zote za mjini. Kidonge hiki kinataka tumbo tupu na maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa inakipunguza nguvu. Kahawa pia. Uji wa lishe wenye soya pia. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki ya wajawazito, vile vyekundu vya madini ya chuma, pamoja na kalsiamu na dawa za kiungulia za kutafuna, vikae mbali nacho kwa muda wa saa 4. Omeprazoli inayotumika kila siku nayo inaweza kukifanya kisifyonzwe vizuri. Wanaofunga Ramadhani saa ya kidonge hubadilika, na TSH iliyopimwa Shawali isikushangaze kama ulikuwa unameza pamoja na tende na maji ya futari. Panga na daktari kabla ya mwezi kuandama. Wengi huwekwa kwenye muda wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho.

Na joto. Kidonge hiki hakipendi jua, joto wala unyevu. Kopo linalokaa kwenye gari Dar es Salaam, au dirishani jikoni, halina nguvu iliyoandikwa juu yake.

*Dawa nyingine za kumtajia daktari:* steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni hushusha TSH. Amiodaroni ya moyo na lithiamu huibadilisha tezi yenyewe. Rifampisini ya kifua kikuu, kabamazepini na fenitoini za kifafa huharakisha kuondoka kwa homoni mwilini, hivyo aliyekuwa ametulia na dozi yake anaweza kuona TSH ikipanda baada ya kuanza kutibiwa TB. Usiache hata moja kati ya hizi kwa ajili ya kipimo. Zitaje tu.

7. Hesabu wiki. T4 huchukua kama siku 7 kupungua nusu mwilini, na pituitari ni nzito kubadili msimamo. Baada ya kuanza au kubadili dozi ya levothairoksini, TSH ya kuaminika huja baada ya wiki 6 hadi 8. Ukipima wiki ya pili unasoma safari ya katikati ya njia.

Anayetibiwa tezi iliyozidi kwa kabimazoli asiogopeshwe na TSH iliyobaki 0.01 wakati FT4 imesharudi kawaida. Pituitari iliyonyamazishwa muda mrefu huweza kukaa kimya wiki nyingi, hata miezi. Kwa kipindi hicho daktari anafuata FT4 na FT3.

8. Jiulize mwili ulikuwa katika hali gani. Mtu aliyelazwa kwa nimonia au malaria kali anaweza kuwa na T3 ya chini na TSH ya chini bila ugonjwa wa tezi. Akianza kupona, TSH inaweza kuruka juu ya kawaida kwa muda, wakati mwingine ikakaribia 20, kisha ikarudi. Kama hakuna dharura, subiri apone, zipite kama wiki 6, ndipo upime.

Miezi mitatu ya kwanza ya mimba, homoni ya mimba yenyewe huisukuma tezi na TSH inashuka, hasa kwa mwenye mapacha au anayetapika sana. Kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi ni cha mtu asiye na mimba, kwa hiyo mwambie daktari tarehe ya hedhi ya mwisho. Lakini kama tayari unameza levothairoksini na umegundua una mimba, usisubiri wiki 6 za hatua ya 7. Nenda wiki hiyohiyo, mahitaji ya homoni hupanda mapema.

Baada ya kujifungua kuna hali ya tezi kuwaka kwa ndani (thairoiditi) inayozungusha watu kweli. Mwezi wa tatu majibu yanasema tezi imezidi, mwezi wa sita yanasema imezembea, na kwa wengi ikifika mwaka imetulia. Karatasi tatu zinazopingana, zote sahihi.

9. Sasa soma TSH na FT4 pamoja. Namba moja peke yake haitoshi.

- TSH juu, FT4 chini: tezi inazembea kweli. Hapa hakuna mjadala mrefu.
- TSH juu lakini haijafika 10, FT4 kawaida: rudia baada ya miezi 2 hadi 3, ukiongeza kipimo cha kingamwili, anti-TPO. Wengi hurudi kawaida wenyewe. Kwa wazee TSH huwa juu kidogo kuliko kwa vijana.
- TSH chini, FT4 juu: tezi imezidisha, ila bayotini iulizwe kwanza.
- TSH chini, FT4 kawaida: pima FT3, angalia mimba, steroidi, ugonjwa wa karibuni, au matibabu ya kabimazoli.
- TSH juu na FT4 juu pamoja: kwa anayetumia levothairoksini, sababu ninayoiona zaidi ni vidonge vilivyorukwa wiki nyingi kisha vikamezwa kwa bidii siku tatu kabla ya kliniki. FT4 inapanda upesi, TSH inabaki kutoa ushahidi. Mwambie daktari ukweli, la sivyo utaongezewa dozi usiyohitaji. Kama hutumii dawa yoyote, hili ni la daktari bingwa wa homoni.
- FT4 chini, TSH chini au "kawaida": hili nawaomba mlisome mara mbili. Anayeangalia TSH pekee ataandika mzima. Lakini tezi ikiwa chini, TSH ilipaswa kupiga kelele. Ikinyamaza, huenda shida iko kwenye pituitari. Mama aliyetoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa yakakataa kutoka, hedhi haikurudi, na sasa amechoka miaka, asikubali kuambiwa "TSH iko sawa" akaenda nyumbani. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya kichwa yasiyoisha na macho yanayopoteza kuona pembeni.

10. Rudia kipimo mara moja, vizuri. Maabara ileile, saa mbili asubuhi, kabla ya kula na kabla ya kidonge, bila bayotini. Omba TSH na FT4. Kifurushi kizima cha "tezi profaili" si lazima kila safari. Anti-TPO ikishatoka chanya mara moja haina haja ya kurudiwa, pesa hiyo nunua mboga.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kuhama maabara kila jibu lisipopendeza. Kuacha kidonge wiki nzima "ili kipimo kione ukweli". Kugawana vidonge na dada mwenye goita kwa sababu dalili zinafanana. Na kubwa kuliko yote, kuificha dawa ya mitishamba mbele ya daktari. Nyingine za kupunguza mwili zina mwani wenye iodini nyingi, na iodini nyingi inaweza kuivuruga tezi pande zote mbili. CT scan ya kuchomwa dawa nayo ina iodini.

Usisubiri kurudia kipimo kama: moyo unakwenda mbio huku una homa na kuchanganyikiwa, au mgonjwa amekuwa baridi, mzito na analala haamshiki vizuri. Hiyo ni dharura, nenda hospitali sasa. Na ukiwa unatumia kabimazoli ukapata homa na koo kuuma, acha kidonge, nenda siku hiyohiyo upimwe picha kamili ya damu, kwa sababu dawa hii kwa wachache hushusha chembe nyeupe hadi hatari.

Ukikwama

*Nimerudia vizuri na bado maabara mbili zinapingana sana.* Omba sampuli moja ipimwe kwa mashine ya kampuni tofauti. Damu ya baadhi ya watu ina kingamwili zinazochanganya kipimo fulani, na namba ikibadilika sana mashine ikibadilika, daktari anajua pa kutazama. Ni nadra, kwa hiyo usianzie hapa.

*Majibu yote yako sawa lakini nachoka, nywele zinakatika.* Basi huenda tezi haihusiki. Muulize daktari kuhusu damu, madini ya chuma, sukari, usingizi, msongo. Upungufu wa damu peke yake unaiga nusu ya dalili za tezi.

*Dozi haijabadilika miaka miwili, TSH imepanda ghafla.* Angalia boksi. Kama duka limekupa ya kiwanda kingine, au nguvu tofauti, mwambie daktari na upime tena baada ya wiki 6 hadi 8. Kisha angalia kidonge kipya kilichoingia nyumbani, mara nyingi ni cha chuma au cha kiungulia.

*Daktari ana dakika tano tu.* Usimwagie bahasha zote. Mpe ule ukurasa wa hatua ya 2, na chini yake andika mistari mitatu: ninachomeza na saa ninayomeza, kilichobadilika tangu kipimo cha mwisho, na swali moja ninalotaka lijibiwe leo. Karatasi halisi ziwe chini yake, za karibuni juu.